Wazazi wa Tanga: namba ya miwani ya mtoto kupanda kila mwaka siyo jambo la kuzoea

Mpimaji wa Ngamiani

Habari za jioni wanajukwaa, hasa nyie wa Tanga. Mimi kazi yangu ni kupima macho, na kuna swali naulizwa na wazazi mpaka nimeona bora nilifungulie uzi: "Daktari, mbona namba ya mtoto inapanda kila mwaka, au hii miwani ndo inamharibu?" Kwanza mimi si daktari bingwa, mimi ni mtu wa optometria, bingwa ni yule anayepasua. Pili, miwani haimharibu. Ila hofu yenu ina msingi, maana wengi kwenye fani yetu tumezoea kumwandikia mtoto miwani, tunamwambia rudi mwakani, mwakani anarudi anaongezewa mainasi anaondoka, na maisha yanaendelea. Hakuna aliyemuuliza mzazi huyu mtoto analala saa ngapi, anasoma wapi, anacheza nje saa ngapi.

Niwaeleze kinachotokea. Mtoto anazaliwa jicho lake lina urefu wa milimita kama 17 kutoka mbele kwenda nyuma, akikua linafika kama 24. Likirefuka kupita kiasi, picha ya vitu vya mbali inaangukia mbele ya retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea picha, badala ya kuangukia juu yake, ubao unakuwa ukungu. Ndo kutoona mbali, kitaalamu mayopia, na namba yake ndo hizo mainasi. Milimita moja tu ya ziada ni karibu mainasi mbili na nusu. Kwa hiyo ukisikia namba imepanda, elewa kwamba jicho limerefuka, na likisharefuka halirudi. Miwani inasogeza picha ikae mahali pake, mtoto anaona ubao, lakini miwani ya kawaida haizuii jicho kuendelea kurefuka. Ndo pale watu wanapochanganya.

Sasa mtu ataniambia si aongezewe tu namba, lenzi zipo. Tatizo siyo lenzi. Mtu akifika mainasi 6 na kuendelea ile retina inakuwa imevutwa kama chapati iliyosukumwa mpaka inapitisha mwanga, na hapo ndo yanakuja ya retina kuachia, presha ya macho, mtoto wa jicho kabla ya uzee, na sehemu ya katikati ya retina kuchakaa. Na upasuaji wa leza unaousikia Dar na Nairobi unachonga konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, haufupishi jicho, hatari ya nyuma inabaki palepale hata ukitupa miwani.

Dunia nzima hesabu iliyotolewa 2016 ni kwamba ikifika 2050 nusu ya watu wote watakuwa hawaoni mbali. Huku kwetu bado tuna nafuu, utafiti wa wanafunzi wa sekondari jijini Mwanza uliochapishwa 2002 ulikuta asilimia 5.6 tu, wakati miji ya Asia Mashariki wanaomaliza shule wenye miwani ndo wengi kuliko wasio nayo. Damu inachangia, wazazi wote wawili wakiwa na mainasi mtoto yuko kwenye hatari zaidi, ila damu haibadiliki kwa kizazi kimoja. Kilichobadilika ni mtoto kufungiwa ndani na kitabu na simu.

Na hapa ndo nataka mnisikilize. Dawa yenye ushahidi mkubwa wa kuzuia hili tatizo lisianze ni mtoto kukaa nje mchana. Siyo mazoezi, siyo karoti, ni mwanga wa nje wenyewe. Walilinganisha watoto wa asili ya Kichina wa Sydney na wa Singapore, umri miaka 6 na 7, wa Sydney walikuwa nje karibu saa 14 kwa wiki na asilimia 3.3 tu hawakuona mbali, wa Singapore saa 3 kwa wiki na walikuwa asilimia 29. Guangzhou kule China wakaongeza kipindi kimoja cha dakika 40 nje kila siku ya shule kwa darasa la kwanza, baada ya miaka mitatu waliopata tatizo walikuwa asilimia 30 dhidi ya karibu 40 kwa wale wengine. Taiwan tangu 2010 wana mpango wa shule wa dakika 120 nje kila siku. Darasani mwanga ni laksi (kipimo cha mwanga) mia tatu mpaka mia tano, nje hata jua lisipokuwa kali ni elfu kumi na kupanda, na inaaminika mwanga huo unaifanya retina itoe dopamini, kemikali ya mwilini inayolizuia jicho lisirefuke ovyo.

Sasa angalieni mtoto wa mjini hapa. Saa 11 alfajiri yuko macho, saa 12 gari la shule, akitoka tyusheni, akitoka tyusheni chuo cha Kurani, akirudi homuwek, Jumamosi tyusheni tena. Tuko Tanga, jua la bure, ufukwe wa Raskazone upo pale, na mtoto analiona jua kupitia dirisha la Hiace. Mimi sipingi masomo, ila mtoto wa darasa la pili tyusheni ya nini jamani?

Mzee wa Barabara ya 12

Ngoja waje wajuvi, mimi naweka mkeka hapa. Ila mkuu umegusa, enzi zetu tulikuwa tunashinda Tangamano tunacheza mpira mpaka magharibi, sijui mtoto hata mmoja mtaani aliyevaa miwani.

Mpimaji wa Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nusu, maana enzi zenu pia hakuna aliyewapima, yule aliyekuwa hapigi pasi ya mbali pengine alikuwa hauoni mpira 😄

Mama Nasri

Asante kwa uzi kaka. Mimi wangu wa kiume ana miaka 8, mwaka jana alipewa mainasi 1.25, mwaka huu kituo kingine wamemwambia mainasi 2.75, yaani nilishtuka. Hapa nna kikaratasi cha mashine kimeandikwa S -2.75 C -0.50 A 180 sielewi chochote. Dada yangu kaniambia asivae muda wote macho yasidumae, eti avae shule tu, na mwingine kaniambia nimpe namba ndogo ili jicho lijitahidi. Nifanyeje?

Mpimaji wa Ngamiani

Dada yangu, kabla ya kushtuka nijibu kwanza, alidondoshewa matone akasubiri kama nusu saa ndo akapimwa, au aliweka kidevu kwenye mashine mkapewa karatasi hapohapo?

Mama Nasri

Hapohapo tu, hata dakika kumi hatukumaliza.

Mpimaji wa Ngamiani

Basi hiyo -2.75 usiitengenezee miwani bado. Msuli wa ndani wa jicho la mtoto una nguvu sana, akichungulia kwenye mashine anajikaza kama anaangalia kitu cha karibu, na mashine inasoma mainasi ambayo haipo. Mtoto wa umri huo anatakiwa adondoshewe saiklopentoleti, inachoma kidogo, atalia, mboni zinapanuka, msuli unalegea, unasubiri nusu saa mpaka dakika arobaini ndo unapima. Huwa naona mtoto kaingia na karatasi ya -2.75, baada ya matone inasoma -1.50. Ukimpa ile ya kwanza umempa miwani ya mtu mwingine, kichwa kitamuuma na atakuwa anajikaza muda wote.

Karatasi yako, S ni namba kuu, C ni astigmatizimu yaani uso wa jicho haujawa mviringo sawasawa, watu wa miwani tunaita silinda, na A ni upande silinda ilipolalia. Hiyo C ya 0.50 isikutishe.

Kuhusu kumpa namba ndogo ili jicho lijitahidi, hiyo imeaminiwa miaka mingi hata na wapimaji wa zamani. Malaysia walijaribu, matokeo yakatoka 2002, watoto waliopunguziwa namba kwa makusudi walipanda mainasi 1.00 kwa miaka miwili, waliopewa namba kamili wakapanda 0.77. Yaani kupunguza hakukusaidia, kuliongeza. Avae namba yake kamili, na ikitoka kama -1.50 avae muda wote isipokuwa kulala na kuoga, mpira avae ikiwa fremu ni ya plastiki na ina kamba.

Kuna hesabu nyepesi unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, chukua 100 gawa kwa namba yake bila alama ya mainasi, unapata sentimita anazoona vizuri bila miwani. Mainasi 2 ni sentimita 50. Mainasi 4 ni 25, yaani mkono wake mwenyewe ukinyooka vidole ni ukungu. Mwambie avue, asogeze kitabu taratibu mpaka herufi zififie, pima na rula. Haichukui nafasi ya kipimo ila itakuonyesha kama ile -2.75 inaingia akilini.

Mtoto wa Sahare

Mkuu hapo kwenye jua nikuulize, mimi binti yangu ana miaka 12 na mainasi 3.50 tayari, nikimshindisha baharini kila wikiendi namba itashuka?

Mpimaji wa Ngamiani

Haitashuka. Jua ni kinga zaidi kuliko tiba, kwa ambaye hajaanza linasaidia sana, kwa ambaye tayari anapanda msaada wake ni mdogo. Muache acheze nje kwa faida zake zote, ila kwa mainasi 3.50 miaka 12 unatakiwa ufikirie vitu vingine juu ya jua.

Viko vitatu vya maana. Kuna matone ya atropini ya kiwango kidogo, anadondoshewa kila usiku. Hong Kong walijaribu asilimia 0.05, 0.025 na 0.01, na ile ya 0.05 ilipunguza kupanda kwa namba karibu theluthi mbili kwa mwaka wa kwanza. Halafu kuna lenzi za miwani za kisasa, katikati ina namba ya kawaida na pembeni imejaa vilenzi vidogo vidogo vinavyoliambia jicho lisirefuke, za Hoya zinaitwa MiyoSmart na za Essilor ni Stellest. Zile za kwanza utafiti wa miaka miwili Hong Kong ulionyesha namba inapanda kwa takriban nusu ya kawaida. Ukiziangalia kwa mbali ni miwani kama miwani, ukiiinamisha kwenye taa ndo unaona vidoti vidoti. Ya tatu ni lenzi za kubandika juu ya jicho (kontakti lenzi), MiSight za kuvaa siku moja unatupa, Marekani waliziruhusu 2019 kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 mpaka 12, na kuna zile ngumu anazolala nazo zinakandamiza konea usiku asubuhi anavua anaona. Hizi za kulala nazo mimi binafsi siwapi watoto moyo nazo, mtoto akizisuuza kwa maji ya bomba anaweza kupata kidonda cha konea kibaya kuliko mainasi zote.

Bei ni kubwa na mengi yanaagizwa, ulizia kabla hujafunga safari. Na nasema kwa herufi kubwa: ATROPINI ILIYOPO MADUKANI NI YA ASILIMIA 1, USIMDONDOSHEE MTOTO, NA USIICHANGANYE NA MAJI NYUMBANI. Hiyo ni mara ishirini ya 0.05, mtoto ataumia na mwanga na hataweza kusoma. Ya kiwango kidogo inaandaliwa na mfamasia katika mazingira safi, kwa cheti cha daktari wa macho.

Dkt Google

Kuna mashine ya mwanga mwekundu naona TikTok, mtoto anachungulia dakika 3 asubuhi na jioni, Wachina wanatumia, wanasema namba inasimama kabisa. Kuna jamaa anaagiza.

Mpimaji wa Ngamiani

Tafiti za China zinaonyesha inapunguza kweli, sikatai. Lakini ni leza unayomulika retina ya mtoto kila siku, na kuna taarifa ya mtoto aliyeharibika retina baada ya kuitumia. China kwenyewe wameibana, imewekwa kundi la vifaa vya hatari kubwa. Sasa wewe unaiagiza kwa jamaa wa TikTok anakuletea kwenye mfuko. Hapana.

Mwalimu wa Pongwe

Nimesoma uzi wote, mimi ni mwalimu wa msingi. Darasa langu lina watoto wengi mno, na nikiri kuna mtoto namjua anamwangalizia mwenzake, nilidhani ni uvivu, nikija kumkagua anakopi kwenye daftari la jirani kwa sababu ubao hauoni. Tufanyeje sisi walimu maana kupima hatujui?

Mpimaji wa Ngamiani

Mwalimu hongera kwa kuliona hilo. Kupima kwa kuchuja unaweza kabisa, chati ya herufi E inabandikwa ukutani penye mwanga, mtoto anasimama mita 6, anafunika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, halafu jingine. Watoto wengi jicho moja zima linambeba jingine, ukipima yote kwa pamoja humjui. Anayeshindwa mstari wa 6/12 unampa mzazi barua. Anayekunja macho, anayesogea ubaoni kila saa, anayepindisha kichwa, hao wapeleke hata kama chati hujapata.

Halafu ukishampatia miwani fuatilia avae. Kuna utafiti wa sekondari za Dar ulichapishwa 2008, waliopewa miwani bure baada ya miezi mitatu walioivaa ni asilimia 47, waliopewa karatasi tu wakajinunulie ni 26. Unaona, hata bure nusu hawavai, na sababu kubwa mtaani tunaijua, "macho manne" na "bibi". Mwalimu ukikemea hilo darasani umefanya kazi kubwa kuliko mimi na mashine zangu.

Na mapumziko msiwafungie madarasani kisa wanapiga kelele. Hata kivuli cha mwarobaini pale uwanjani kina mwanga mwingi kuliko darasa lolote, si lazima waungue.

Abu Sumayya

Assalaam alaykum. Mimi nina chuo hapa Makorora, watoto wanakuja baada ya alasiri, tunakaa ndani taa moja. Baada ya kusoma hii nimewatoa barazani. Swali, msahafu wanaushika karibu mno, kuna kipimo?

Mpimaji wa Ngamiani

Waalaykum salaam shekhe, Mungu akulipe, barazani hapo umefanya jambo. Kipimo ni mkono wake mwenyewe, ngumi shavuni na kiwiko kwenye marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, umbali huo ndo usipungue, kwa mtoto mkubwa ni kama sentimita 30 au zaidi. Ukiona mtoto anashusha pua kwenye msahafu kila siku, usimwambie tu ainue kichwa, mwambie babake ampeleke akapimwe. Na kila baada ya muda wainue macho waangalie mbali, mwisho wa uwanja, barabarani, popote.

Fundi Fremu

Mkuu usituharibie biashara 😂 lakini nikuunge mkono, wateja wanakuja wanataka "miwani ya kompyuta" ya kuzuia mwanga wa bluu wanadhani inazuia namba kupanda. Haizuii. Mimi nawauzia kwa sababu wanataka, ila naongea ukweli.

Mpimaji wa Ngamiani

Umesema kweli fundi. Na ile ya machinga stendi ya Kange ni plasi, ya wazee wa kusomea gazeti, usimnunulie mtoto asiyeona mbali, inazidisha ukungu.

Mama wa Mabawa

Wangu ana miaka 13 namba inabadilika kila miezi minne, silinda imefika 3, na tangu mdogo anafikicha macho hayo usiku na mchana, yanawasha, mekundu. Hilo nalo ni kukaa ndani?

Mpimaji wa Ngamiani

Hapana mama, hilo ni jingine na usilichanganye na haya. Mtoto wa aleji anayefikicha miaka yote, silinda ikipanda kwa kasi hivyo, nina wasiwasi konea inachongoka. Inahitaji bingwa wa macho aipige picha ya konea. Anza na kliniki ya macho hospitali ya Bombo wakupe rufaa, usiende kubadilisha miwani kwanza. Aleji itibiwe kwa maelekezo ya daktari, na usinunue matone yenye steroidi dukani, yanatuliza muwasho yanapandisha presha ya jicho kimyakimya. Afu mikono, kufikicha kuachwe leo, akiwashwa aweke kitambaa cha maji baridi.

Dereva wa Segera

Mimi mtu mzima miaka 44, nilikuwa naona vizuri, mwezi huu ghafla mabango ya barabarani sioni, wiki nyingine naona. Ni hiyo mayopia?

Mpimaji wa Ngamiani

Kaka kapime sukari kesho asubuhi kabla ya kula. Mtu mzima namba ikicheza hivyo, wiki ipo wiki haipo, sukari ndo ya kwanza kuulizwa. Na usiendeshe abiria mpaka ujue.

Kijana wa Chumbageni

Mimi ni mainasi 8, tangu jana jicho la kulia naona vimwale kama radi pembeni na vidoti vyeusi vingi vinaelea, leo kuna kama pazia linashuka upande. Haliumi. Naweza kusubiri Jumatatu?

Mpimaji wa Ngamiani

HAPANA. Ondoka sasa hivi uende Bombo dharura, waambie "nina mainasi 8, naona radi na pazia". Retina inapoachia haiumi, na ikifika katikati hata ikirudishwa uoni haurudi wote. Usiendeshe, chukua bajaji. Niandikie ukishafika.

Kijana wa Chumbageni

Nipo kwenye bajaji.

Mama Nasri

Kaka mimi nimeshapata nafasi ya kumdondoshea matone, wamenipa Alhamisi. Ijumaa ana mtihani. Ataweza kusoma?

Mpimaji wa Ngamiani

Hataweza vizuri, saiklopentoleti kwa kawaida vitu vya karibu anaviona ukungu mpaka kesho yake, na mwanga unamuumiza. Wapigie wakusogezee Ijumaa mchana baada ya mtihani, Jumamosi apumzike na kofia, Jumatatu yuko sawa. Na nenda na miwani ya zamani pamoja na vikaratasi vyote viwili, wasianze upya. Ukitoka hapo waombe tarehe ya kurudi baada ya miezi sita, siyo mwaka, umri wa miaka 8 mwaka ni mrefu.

Mzee wa Barabara ya 12

Kijana wa Chumbageni umefika?

Kijana wa Chumbageni

Nimefika mzee. Wamenidondoshea matone nasubiri daktari. Siioni simu vizuri, dada yangu ndo anaandika.